Nusu ya Kitenge Ukutani

Watu wakiniuliza kwa nini siku hizi simu ikiita siipokei haraka, nawajibu kwamba nimechoka, nao wanacheka wakidhani ni uvivu wa watu wa Kibondo. Sibishani nao. Kwa miaka tisa nilikuwa na duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi pale Kasulu, na ukuta mmoja tu ulinitenganisha na mwanamke aliyenifanya nichoke na simu kiasi hiki. Mtaa mzima tulimwita Fundi. Alikuwa mshonaji wa nguo za kike na za watoto. Jina lake lilikuwa kwenye kitambulisho, kitambulisho kilikuwa ndani ya kopo la vifungo, na sikumbuki mtu aliyewahi kukihitaji.

Fundi hakupima kwa futi. Futi alikuwa nayo, ya njano, na kazi yake ilikuwa kufungia mlango wa uani usipigwe na upepo. Yeye alipima kwa uzi. Kila mteja alikuwa na uzi wake: fundo la kwanza bega, la pili kifua, la tatu kiuno, la mwisho pale nguo inapoishia. Akimaliza, aliufunga uzi huo na kipande cha kitambaa cha nguo yako ya kwanza, akauning'iniza kwenye msumari. Ukirudi baada ya miaka mitano, alikutazama usoni, akatazama msumarini, akautoa wa kwako bila kukosea. Halafu aliupima tena mwili wako na kukuambia umenenepa au umekonda, mbele ya watu wote waliokaa barazani.

Kazi ya kushika ncha ya uzi ilikuwa yangu. Mteja akiwa mtoto, au mama mwenye aibu, Fundi aligonga ukuta kwa mkasi. "Jirani! Njoo ushike hapa." Nilikuwa naacha barua ya mtu katikati naenda kushika. Sikuwahi kulipwa hata kikombe cha chai, ila suruali zangu zote alizipunguza yeye.

Kuna nyuzi alizokuja nazo kutoka Mtendeli, zama zile kambi ya wakimbizi ilipokuwa bado wazi, alipokwenda kushona sare za watoto wa shule. Lilikuwa furushi zima, na kila uzi ulikuwa mfupi. Kambi ilipofungwa, wengine wakahamishwa na wengine wakarudi Burundi, nilimwambia sasa atupe, zinajaza msumari bure.

"Hao watoto wameshakua, Fundi."

"Mimi najua wamekua," akasema. "Uache uzi."

Sikuuliza zaidi. Wazazi wake mwenyewe walikuja kutoka huko huko Burundi, na uraia aliupata akiwa mtu mzima, kwa hiyo kulikuwa na mambo ambayo niliona heri nisiyachokonoe.

Jambo jingine ambalo wateja walimlaumu nalo ni akiba. Ndani ya kila nguo, kila upande, aliacha kitambaa cha ziada kilichokunjwa mshononi, vidole viwili, na kwa watoto vitatu. Wenye vitambaa vya bei walinung'unika kwamba anawapunja. Yeye aliwajibu, "Basi kamwambie mtoto wako asile ugali," na cherehani ikaendelea. Mabinti wote waliopita mikononi mwake kujifunza kazi, kitu cha kwanza walichofundishwa si kushona, ni kufumua mshono taratibu bila kuchana nguo, ili akiba itoke salama.

Salamu zake zilikuwa balaa. Alikuwa Mkristo wa kwaya, mtu wa watu, na hakuna aliyepita barazani pake kwa "habari" moja. Mwidiwe ya Kiha kwanza, kisha watoto, wazee, mguu ule uliokuwa unauma, mihogo, mvua upande wa kwenu, aliyekuwa amelazwa ametoka? Nikiwa na haraka nilipitia nyuma, kwenye matope. Na namna alivyosalimia kwa mdomo ndivyo alivyotaka kuandikiwa. Enzi za simu yake ya vitufe nilikuwa namwandikia ujumbe, na kabla hatujafika kwenye neno lenyewe, salamu zilikuwa zimekatwa vipande vitano. Huko zilikokwenda zilifika zimepishana: kwanza mvua, halafu kwaheri, halafu shikamoo za watu. Nilimwomba tufupishe. "Kwani unafukuzwa?" aliniuliza.

Sasa mtu huyo huyo, akikasirika, alinyamaza. Hakugomba wala hakusema pembeni. Alinyamaza tu, na aliweza kunyamaza mpaka ukasahau ulichokosa. Mteja mmoja alimwambia mbele za watu kwamba mkono wa shati umekwenda upande. Fundi aliurekebisha, akamshonea mtu huyo nguo nyingine tatu mwaka ule, nzuri, na hakumtolea neno hata moja. Alimkabidhi kwa macho. Yule bwana alinijia mimi akiwa karibu kulia, akiomba nimsemee.

Binti yake wa pekee ndiye aliyeonja kimya kirefu kuliko wote. Alimpenda kijana wa Kikongo wa kambi ya Nyarugusu, fundi wa baiskeli mpole, ambaye familia yake ilikuwa imekaa kwenye foleni ya kwenda Marekani miaka mingi. Fundi alijua maana yake: binti ataondoka. Alimshonea gauni la harusi, akalipiga pasi, akalikunja, akampa bila neno. Binti aliolewa hivyo, akaondoka hivyo, na ilipita miaka miwili mama hajamjibu. Kilichovunja kimya kile ni simu iliyopigwa alfajiri moja, ambayo ndani yake hakukuwa na mtu aliyezungumza, ila mtoto mchanga analia. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyo ana njaa, mnyonyeshe," na mambo yakaisha. Ila binti hakusahau kwamba kwa mama yake kimya ni adhabu. Hili naomba likumbukwe, maana bila hilo yaliyofuata yataonekana ni upuuzi wa watu wawili.

Baadaye mchungaji mmoja aliyekuwa ametembelea huko alileta simu kutoka kwa binti, iliyotumika lakini nzuri, zile za Marekani ambazo kioo chake kikipasuka, fundi simu wa Kasulu anakuuliza kwanza kama nyumbani una ng'ombe. Binti alikuwa na ya aina hiyo hiyo. Wasapu alikuwa ameifuta, kwa sababu watu wa kambini na wa mtaani, wote waliomjua na wasiomjua, walikuwa wanamwomba msaada humo usiku na mchana. Wakawa wanaandikiana kwa ujumbe wa kawaida wa simu zile, wenyewe kwa wenyewe, kwa intaneti niliyomrushia Fundi kutoka simu yangu. Na picha zilifika safi. Hapo ndipo Fundi alipobuni kitu ambacho sijaona kwa mshonaji mwingine.

Alinunua kitenge chenye safu za maua ya duara, akakikata nusu. Nusu moja akampa mtu anayesafiri ampelekee binti, na nusu akaipigilia ukutani kwake, ikiwa imesimama kutoka sakafuni kwenda juu. Binti naye akapigilia ya kwake hivyo hivyo kule. Mtoto akawa anasimamishwa kando ya kitenge, anapigwa picha, na Fundi hapa Kasulu anahesabu maua: goti ua la tatu, kiuno la sita, bega la tisa. Kisha anakwenda kwenye nusu yake, anaweka alama ya chaki, ananigongea ukuta nije kushika uzi. Mjukuu ambaye hajawahi kumgusa alimshonea nguo nne kwa njia hiyo, na zote zilimkaa. Safu za maua zilikuwa kumi na mbili. Fundi alikuwa anasema mtoto akifika la kumi na mbili, yeye mwenyewe atapanda ndege akampime kwa mkono.

Sasa nakuja kwenye aibu yangu.

Simu ya Marekani ilianguka chini ya cherehani, kanyagio likaikanyaga. Kioo kilipasuka na hakikusikia kidole tena. Ukibonyeza kitufe cha pembeni picha ya mtoto ilitokea, basi, hakuna kingine. Mimi ndiye niliyempeleka kununua simu ya Kichina, mpya, na mimi ndiye niliyetoa laini kule na kuiweka huku. Aliniuliza kama binti atampata. Nilimwambia, tena kwa kujiamini, "Fundi, namba ni ile ile. Simu ni simu."

Kuanzia siku ile mambo yakaharibika, na hakuna aliyejua kwamba yameharibika. Ujumbe wa kwaya ulifika. Wa wateja ulifika. Hata matangazo ya kubeti yalifika, yakimtaka Fundi abashiri mpira. Kutoka kwa binti ilifika picha moja tu, na mpaka leo sijui kwa nini hiyo moja ilipita. Ilikuwa ya vipimo vya nguo ya Krismasi. Ilikuja ndogo kama stempu, na tulipoikuza ikawa ukungu. Maua yalikuwa yameyeyuka yakawa utepe mwekundu. Fundi aliikodolea macho siku mbili, akaishika mbali, akaishika karibu, akavaa miwani ya dada wa duka la dawa.

"Mbe, hii simu inatafuna picha?" aliniuliza.

Nilimwandikia binti atume nyingine. Haikuja. Krismasi ilikuwa inakaribia, na mtu wa kubeba alikuwa anasafiri Jumatatu. Fundi alikata kwa kukisia. Sikuwahi kumwona akikata kwa kukisia. Alishona gauni jeupe lenye mikono ya kitenge, akalikunja, likaondoka, akabaki anasubiri neno.

Neno halikuja. Alikuwa na sheria yake kwamba aliyeshonewa ndiye anayeanza kusema, ikikaa vizuri aseme, isipokaa aseme. Mwezi ukapita. Akaniomba niikague simu. Niliikagua, nikamtumia ujumbe mimi mwenyewe, ukafika papo hapo. "Unaona?" nikasema. "Simu haina tatizo." Niliyasema hayo labda mara kumi, maana nilikuwa nimechoka kuulizwa, na kila niliposema alitikisa kichwa na kurudi kwenye cherehani. Kwake maana yake ilikuwa moja: wote wanafika, binti peke yake hafiki, kwa hiyo binti haandiki. Nguo imembana mtoto, binti amechukia. Na Fundi hakuwa mtu wa kumpigia aliyechukia.

Nilipaswa kushtuka. Nilikuwa nimeshaona vituko vya simu hizi. Siku moja Fundi alitumia simu yangu kumwandikia katibu wa kwaya, mwenye simu ya Marekani ya kujidai nayo, kwamba mama yake mkubwa amelazwa waombe. Katibu aligusa tu alama ya kopa kuonyesha ameguswa. Kwangu ikaja kwa Kiingereza, maandishi mazima, nikamtafsiria Fundi kama yalivyo: amependa "Mama mkubwa amelazwa". Katibu alinyamaziwa wiki tatu, mpaka nikawakutanisha na simu zote mbili mezani. Tulicheka sana siku hiyo. Niliyajua hayo na bado nikaendelea kusema simu haina tatizo.

Karibu mwaka ulipita hivyo. Fundi alipungua. Macho yalikuwa yanamsumbua, nikawa namtungia uzi kwenye sindano asubuhi, sindano kumi kwa mkupuo, azitumie mchana. Salamu zake zilifupika, na watu walifurahi kwa sababu hawakujua sababu. Ile simu iliyopasuka hakuitupa. Kila Jumamosi aliichaji nyumbani kwa sola yake, abonyeze kitufe, amwone mtoto, aizime. Aliniambia hilo mara moja tu, akiwa amegeukia ukutani.

Mwezi wa kumi, mvua za kwanza, betri ya sola yake ilikufa, akaja na simu ile dukani kwangu tuichomeke umeme. Ilikuwa kama saa kumi jioni. Nilikuwa namsaidia mwalimu mmoja kutuma maombi ya kazi, nikawasha intaneti ya simu yangu ili kompyuta ipate. Mwalimu alipoondoka, simu iliyopasuka ikaanza kulia rafuni. Ikalia tena na tena, inatetemeka mpaka inasogea.

"Mbe, inalia nini hiyo?" Fundi aliuliza kutoka barazani.

Nilikwenda kuitazama. Uso wa mtoto ulikuwa umefunikwa na maandishi. Simu ilikuwa imeikumbuka intaneti yangu ya zamani ikajiunga yenyewe. Ujumbe wa mwisho ulikuwa juu, wa siku nne nyuma, na nilipousoma nilitamani nimpunguzie makali.

"Soma kama ulivyo," akasema. Alikuwa ameshafika nyuma yangu.

Nikasoma. "Mama, hii ni ya mwisho. Nimeelewa. Sitakusumbua tena."

Chini yake: "Leo ametimiza miaka saba. Ameuliza kama bibi bado..." Ukakatika hapo. Chini yake tena: "Mama, kama ni kwa ajili ya ile nguo, naomba..." Na chini kabisa palionyesha kuna nyingine zaidi, zisizofunguka. Tulijaribu kwa kidole kikavu, kwa kidole chenye maji, tukafuta kioo kwa kitambaa. Hakikusikia.

Fundi alikaa kwenye kiti cha wateja.

"Aliandika," akasema. "Mwaka mzima nimemnyamazia mtoto, na sikujua kama namnyamazia."

Nilipiga namba ya binti kwa simu ya Kichina. Iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikakata.

"Andika," Fundi akasema.

Nikaanza kama siku zote: Mwidiwe mwanangu, habari za huko, sisi huku...

"Oya, hapana. Futa. Andika: sikuzipata. Sikukasirika. Nipo."

"Bila salamu?"

"Tuma, jirani."

Nilituma. Tuliweka simu ya Kichina katikati ya meza tukaitazama wote wawili. Mvua ilikuwa inapiga bati. Na simu iliyolia ikawa ni ile nyingine, iliyopasuka, kule rafuni. Nikaenda. Neno lilikuwa moja tu: "Mama?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Simu ya binti, kila ilipoiona namba ya mama yake, ilidhani mama bado ana simu ya Marekani. Ilikuwa inapeleka maneno kwa njia yao ya wenyewe kwa wenyewe, kwenye simu iliyolala kabatini bila intaneti. Kulikuwa na kitu cha kuzima kabla ya kutoa laini, na mimi sikukizima, kwa sababu sikukijua na sikuuliza.

"Fundi," nikasema, "ni mimi. Mimi ndiye niliyehamisha laini vibaya. Haya yote ni mimi."

Alinitazama. Nilimjua kwa miaka tisa, nikajua kinachokuja, na nilikuwa tayari kunyamaziwa mpaka nifunge duka.

"Piga tena," akasema.

Safari hii ilipokelewa mlio wa kwanza. Kule ilikuwa asubuhi, binti ndiyo kwanza anatoka zamu ya usiku. Niliweka sauti ya nje, nikaishika simu mimi. Binti alikuwa analia, na Fundi alimwacha alie, halafu akaanza kumsalimia. Mwidiwe mwanangu. Mume hajambo? Wakwe zako? Kifua chako cha baridi kilipona? Mvua imeanza huku, mihogo imeshika. Zote, moja baada ya nyingine, na binti alizijibu zote kwa sauti ya kamasi, na mimi nikawa naongeza salio kila lilipokaribia kwisha. Kwa mara ya kwanza sikutamani afupishe.

Kisha akauliza, "Ile nguo?"

"Ilimbana, Mama. Nikafumua akiba taratibu kama ulivyonifundisha. Ikamtosha. Aliivaa mpaka Pasaka."

"Ulitoa vidole vingapi?"

"Vyote vitatu."

Fundi akafumba macho kidogo. "Sasa niambie maua. Amefika la ngapi?"

Tulisikia binti akimwita mtoto, viatu vinaburutwa, mtoto anaambiwa asimame wima asiinue visigino.

"Mama," akasema, "maua yameisha. Amekipita kitenge."

Fundi aliinuka, akatoka mlangoni kwangu na kuingia kwake, nami nikamfuata na simu mkononi. Alisimama mbele ya nusu yake ya kitenge, penye alama zake za chaki, goti, kiuno, bega. Juu ya ua la kumi na mbili ulikuwa ukuta mtupu.

"Amekipita kwa kiasi gani?"

"Vidole vinne."

Akaweka vidole vinne vimelala ukutani, juu ya pindo la kitenge, akavikandamiza.

"Jirani, shika chaki," akasema. "Weka alama hapa juu ya mkono."

Nikaweka alama, lakini mkono hakuutoa.